Paka wa Newala hawajawahi kuona theluji

"Mwalimu shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 19 niko Newala. Naandika hadithi ya paka wanaoishi kwa koo kwenye mashamba ya mikorosho, kila ukoo una mkubwa wake na mipaka yake. Wazo nililipata kwenye vitabu vya Kiingereza nilivyoazimwa na rafiki, mle ndani paka ana jina la vipande viwili na kipande cha mwisho kinabadilika kadiri anavyokua. Mi nimetafsiri hivyohivyo, nina Motomoyo, nina Thelujimguu, mkubwa wa Ukoo wa Theluji anaitwa Kimeta kwa sababu manyoya yake yanang'aa, na shujaa wangu ni dume la rangi tatu anaitwa Asali. Nikamsomea mdogo wangu akaanza kucheka, mama naye akasema majina yako kama ya dawa za mswaki. Nina paka 43 wa kuwapa majina. Nirudi kwenye Kiingereza tu? Au nitumie Kimakonde? Na jina lenye maana nalipataje bila kila paka kuitwa Jasiri?"

Marahaba mwanangu, habari za huko juu. Hapo kwenye dawa za mswaki nimecheka peke yangu mpaka jirani kachungulia, mama yako ana sikio zuri, muendelee kumsomea.

Nikikuelewa, wasiwasi wako mkubwa sio hata hao paka 43, wasiwasi wako ni kwamba jina kwa Kiingereza linakaa vizuri halafu ukilileta Kiswahili linageuka kichekesho, na umeshaanza kuhisi lugha yetu ndo haiwezi. Inaweza. Mi nafundisha Kiswahili huku Lindi na nimeshasahihisha daftari nyingi za hadithi zenye ugonjwa huu huu, na kila mara shida inakuwa kwenye kiungo, yaani pale vipande viwili vinapokutana.

Iko hivi. Kiingereza kinatanguliza sifa halafu mwenye sifa anakuja nyuma, vinagandishwa basi. Sisi mwenyewe ndo anatangulia, sifa inamfuata. Kwa hiyo Mswahili akisikia Thelujimguu, kichwani kwake mwenyewe ni theluji, afu mguu umetokea wapi? Ndo hapo mdogo wako alipocheka, hakucheka maana, alicheka mpangilio. Geuza tu iwe Mguu Mweupe na hakuna atakayecheka. Na uangalie upatanisho, hapa wengi wanateleza, weupe ni wa mguu sio wa paka, kwa hiyo ni Mguu Mweupe, Makucha Meusi, Jicho Moja, Sikio Bovu. Ukiandika Jicho Mmoja eti kwa sababu paka ni kiumbe hai, nitaona mpaka huku Lindi.

Halafu lugha yetu ina njia nyingine ya kujenga jina ambayo we hujaigusa kabisa na ndo tamu kuliko zote, unachukua kitendo unakibandikia jina. Angalia mdudu vunjajungu. Angalia kifaurongo, ule mmea ukiugusa unajifanya umekufa. Hivyo ni vihadithi vizima ndani ya neno moja. Sasa paka aliyevuka barabara ya lami usiku malori ya korosho yakiwa yanapita, akarudi na mkia nusu, huyo mwite Mvukalami, msomaji akikutana na hilo jina sura ya pili anataka kujua alivuka lini na kwa nini. Jasiri halimuulizi mtu kitu, limeshamaliza kila kitu lenyewe.

Na usiogope jina kuwa sentensi au kipande cha methali. Watu wetu wanaitwa Sikudhani, wanaitwa Sijali, wanaitwa Shida na Tabu, na mtaani kwangu kuna paka wa mama mmoja anaitwa Hayakuhusu, kila jioni anaitwa kwa sauti kubwa kuelekea nyumba ya pili na wenye nyumba ya pili wanaelewa vizuri tu kwamba sio paka anayeitwa. Kwa hiyo ule ubishi wa paka kijana asiyesikia la mkubwa, mwite Sikio la Kufa, wenzake watafupisha waseme Sikio, na kila anayejua kwamba sikio la kufa halisikii dawa ataanza kumhofia kuanzia ukurasa wa kwanza.

Sasa kuhusu jina kubadilika akikua. Vitabu vyako vinafanya hivyo kwa kubadili mkia wa jina, sawa, lakini we tayari unazo njia mbili nyumbani na sijui kwa nini umezipita.

Ya kwanza ni ngeli. Kiswahili kinakuza na kudogosha kwa kichwa cha neno, haina haja ya mkia. Mtoto anaitwa Kijoka, akianza kuwinda anaitwa Nyoka, akiwa baba lao watu wanasema Joka, kwisha kazi. Kijiti, Mti, Jiti. Kijisu, Kisu, Jisu. Msomaji wa Kiswahili haelezwi chochote, anasikia tu mtu amekua. Ila ki- na ji- zina ulimi, ki- inapendeza kwa mtoto lakini ukimwita mtu mzima hivyo umemdharau, na ji- inaweza kuwa sifa au tusi kutegemea nani anaisema. Hiyo usiione kama hasara, hiyo ni zawadi, manake adui akitaka kumtukana Joka mbele ya ukoo hahitaji matusi, anamwita Kijoka tu na vita imeanza. Sio maneno yote yanakubali lakini. Ndege akikua anakuwa Dege na hapo kila mama atafikiria degedege. Mbuzi akikua anakuwa Buzi, na buzi mjini unajua ni nani. Na kitoto chenye macho madogo usije ukakiita Kijicho ukidhani unadogosha jicho, kijicho ni husuda, labda kama ndo unamtaka awe hasidi, hapo sawa kabisa.

Njia ya pili iko mlangoni kwenu. Kwa Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, mtoto akitoka jandoni au unyagoni amekuwa akitoka na jina jipya, lile la utotoni analiacha huko, na kumwita nalo mtu mzima ni kumshusha. Siku hizi sio kila nyumba wanashika, lakini wazee wanalijua na we mwenyewe bila shaka una mjomba mwenye majina mawili. Kwa hiyo wewe huna haja ya kukopa wazo la jina kubadilika, umekulia ndani yake. Paka wako mdogo aende porini na wenzake, arudi, asimame mbele ya ukoo na jina ambalo hata mama yake mzazi analisikia siku hiyo. Ila shika umbo lake tu. Nyimbo na mafunzo ya mle ndani havianikwi hadharani, na hadithi yako haivihitaji, msomaji anachotaka kuona ni yule mama paka anavyojikwaa kulitaja jina jipya, anaanza na la zamani analimeza katikati.

Hapohapo kuna kitu nadhani utakipenda. Paka wa mtaani wakiishi kundi, kundi lenyewe ni la majike wa damu moja, mama, binti zake, dada zake, wananyonyeshana watoto, na madume wanazunguka kutoka kundi hadi kundi. Yaani ukoo wao uko upande wa mama. Na hayo makabila ya kwetu niliyoyataja asili yao ni hivyohivyo, mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndo mwenye sauti. Sasa wewe kwenye hadithi yako (umenitumia sura mbili nimezisoma) paka wote wanarithi jina la baba, na baba mwenyewe yupo, kakaa, anatoa amri. Baba paka gani huyo? Mwache azunguke zake. Jina litoke kwa mama au litolewe na mjomba. Na mkubwa wa ukoo akifa, usimpe mrithi kipande cha jina cha kifahari kama kwenye vitabu vyako, mpe jina lenyewe la marehemu. Kwa Wayao jina la mkubwa hurithiwa, kina Mataka, wale machifu wao, wamefuatana zaidi ya mmoja, jina ni lilelile mtu mwingine. Fikiria paka kijana analala usiku akiwa Mvukalami, anaamka anaitwa jina la bibi yake, na hakuna tena anayeruhusiwa kumwita Mvukalami. Hapo una huzuni na heshima kwa pamoja na hujaandika hata mstari wa ziada.

Nije kwenye maana, manake ndo moyo wa swali lako. Wengi wanatafuta maana kwenye kamusi, neno gani zuri, neno gani linamaanisha ujasiri. Mi naona swali la kwanza ni jingine, nani alimpa hilo jina? Kwenye hadithi yako ni paka mwenzake. Basi jina litoke kwenye vitu ambavyo paka anavijua.

Paka anajua nini? Ulimi wake hauonji utamu, kinasaba cha kuonja sukari kwake hakifanyi kazi, kwa hiyo asali kwake ni gundi tu ya kunata miguuni. Rangi nyekundu haioni vizuri kama sisi, inamfifilia, kwa hiyo jina la wekundu lina harufu ya binadamu. Ila anasikia milio myembamba ya panya ambayo sikio letu halifiki, na anajuana na wenzake kwa harufu, wanasuguana mashavu mpaka kundi zima linanuka harufu moja. Na mtoto wa paka anafumbua macho siku ya 7 mpaka 14 hivi, yanakuwa ya bluu, afu yanaanza kubadilika rangi akiwa na wiki kama 6 au 7. Kwa hiyo yule uliyemwita Jicho la Bahari siku aliyozaliwa, kwanza macho yalikuwa yamefumba, pili miezi michache mbele huenda yakawa ya njano. Unaweza kuitumia lakini, paka mzima mwenye macho ya njano anayeitwa Bahari na kila mgeni anauliza kwa nini.

Sasa Asali wako. Usimtupe. Mfanye ametoka nyumba ya watu, jina alipewa na binadamu, anafika kwenye ukoo wanamuuliza unaitwa nani, anasema Asali, kimya, mmoja anauliza asali ndo mnyama gani, na yeye mwenyewe hajui. Pale pale kila msomaji ameshajua huyu ni mgeni kuliko wageni wote.

Shida ya Asali ni nyingine, umesema dume la rangi tatu. Rangi ya chungwa na nyeusi kwa paka zinabebwa kwenye kromosomu ya X, jike anazo 2, moja inaweza kubeba chungwa na nyingine nyeusi, ndo anatoka mabakamabaka, ukiongeza na nyeupe ndo hizo tatu. Dume kwa kawaida ana X 1, kwa hiyo atakuwa na chungwa au nyeusi, sio zote mbili. Madume wa rangi tatu wapo lakini ni nadra mno, kawaida wamezaliwa na X ya ziada na hawazai. Kwa hiyo mgeuze Asali awe jike, ambaye ndo ningemchagua mimi, au mwache dume na ukoo wote wamshangae kama kiumbe cha ajabu, na hapo jina lake la pili litoke kwenye huo mshangao. Ukimwacha hivihivi kama paka wa kawaida, kila mfuga paka atakusahihisha.

Na mahali. Ukoo wa Theluji Newala, mwanangu! Hata wewe na hilo baridi lenu la Juni hujawahi kuiona. Uwanda wa Makonde juu huko hauna mito, maji ni bondeni, bibi zetu wameyapandisha kichwani miaka na miaka. Basi paka wa juu anakunywa nini asubuhi? Analamba umande kwenye majani ya mkorosho. Mwite mmoja Umande, na jina hilo ambalo mahali pengine lingekuwa pambo tu, huko kwenu linakuwa uhai. Vilevile usiniletee paka anaitwa Vuli, mvua zetu za kusini ni msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, Vuli akitajwa tu nitajua mwandishi anaiga hadithi za kaskazini.

Vitu mnavyo. Kuna salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho ikitoa maua kuanzia Juni hivi, unawasha macho, paka mzee aliyepofuka nao anaweza kuitwa Salfa na watoto wakalitumia kutishana. Kuna mabibo yakioza chini harufu inafika barabarani. Kuna ubanguaji, ganda la korosho likiungua linatema mafuta yanayochoma ngozi, paka aliyekanyaga hayo mafuta na kupona ana jina tayari. Na kuna panya, hapa msomaji wa kusini atatabasamu, manake kwetu panya wa shamba ni kitoweo, ndo yule samaki nchanga wetu, vijana wanachimba mashimo msimu wa kiangazi. Yaani paka wako ana mshindani ambaye hadithi za huko Ulaya hazina, binadamu mwenye jembe anayekula chakula chake yeye! Huo ukoo wa adui usiutafute mbali.

Ukitaka ukoo wa pili uwe wa pwani, washushe Mikindani au Msangamkuu, wale wa kusubiri ngalawa na vichwa vya vibua, majina yao yatoke kwenye upepo na maji, Kusi, Kaskazi, Matlai, Bamvua. Bamvua peke yake linatosha kuwa jina la ukoo mzima, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, siku ambazo yakitoka yanatoka mbali kabisa na kila kitu kinabaki wazi juu ya mchanga. Na kwa sababu mi wa Lindi siwezi kuacha kutupia la kwetu, ukoo wa tatu uwaweke Tendaguru, pale Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin. Paka wanaosimuliana kwamba chini yao alilala mjusi mkubwa kuliko nyumba, mkubwa wao anaitwa Mfupa, basi.

Kiingereza au Kimakonde? Kiingereza sikushauri, sio kwa uzalendo, ila utaishia kuandika paka wa kule wakitembea chini ya mikorosho yako kama watalii. Kimakonde ni kizuri na kina nguvu ambayo Kiswahili hakina, hasa kwa wazee wa ukoo, lakini kina bei. Msomaji wa Tanga hataelewa, itabidi hadithi yenyewe imuelezee taratibu, kwa hiyo majina matano au sita yanatosha, ya wale wakubwa tu. Na hapo ndo nasema usiniulize mimi wala usiulize intaneti, nenda kaa na bibi yako au mzee yeyote anayekiongea, mtajie jina, mwangalie usoni. Neno zuri kwenye kijiji kimoja linaweza kuwa tusi bondeni ng'ambo ya pili, na uso wa bibi utakwambia kabla mdomo haujasema. Na majina ya koo za watu kweli, zilizopo, zenye wenyewe, usiwape paka bila kuuliza, wapo watakaocheka na wapo ambao hawatacheka. Ukitaka kuandika ile sherehe ya kutoka porini kwa undani zaidi ya nilivyokwambia, ongea na nyakanga au kungwi akupe mpaka wa kusema, akisema hapa ishia, ishia.

Hao 43 usiwabebe wote. Nane au kumi ndo wape majina ya kufikiria, waliobaki waite rangi au tabia upesi upesi, Mabaka, Kaki, Jivu, Mlafi, Kinono, kama mtaani tunavyoitana. Ukoo ambao kila mmoja ana jina zito unachosha, na ukweli ni kwamba hata kwenye kijiji watu wengi wanaitwa Juma. Na yale mazito yasome kwa sauti, yapange yote nane mbele ya mdogo wako, kama mawili yanaanza na herufi moja au yanaishia sawa atayachanganya, Mvukalami na Mvukamto kwenye vita moja ni fujo, ondoa mmoja. Akishindwa kulirudia jina baada ya kulisikia mara moja, hilo ni refu.

Motomoyo sijamgusa, najua unampenda, nimeona alivyo kwenye sura ya pili. Hasira zake zinatokea wapi? Kama ni kwa sababu aliponea moto wa kusafisha shamba akiwa mchanga, basi jina lake liko hapo, mwite Kaa, kama kaa la moto. Ni fupi, na lina mchezo mzuri, mama yake akimwambia "Kaa, kaa!" watoto watapenda.

Ila kuna jina moja ubadili leo kabla hujalala. Kimeta kweli linasikika kama kumeta, manyoya yanameta, nimekuelewa. Lakini kimeta ni ule ugonjwa unaoua ng'ombe na mbuzi ghafla, na binadamu akichuna mzoga anaupata. Hapo umemweka mkubwa wa ukoo, mama wa wote, mbele ya wafugaji, na umempa jina la kitu ambacho mzoga wake hauchunwi wala hauguswi, unafukiwa shimo refu. Na hapo mdogo wako huenda alicheka maana kweli, labda ameshalisikia kwa watu wa mifugo. Mwite Mng'aro, au kama unanisikiliza mimi, mwite Umande.